Kotingi ya gari ipimwe kwa jua la Mbeya

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Nina Noah nyeusi, naiendesha mwenyewe kati ya Uyole na Tukuyu. Juni mwaka jana nilimlipa kijana mmoja hapa mjini anipakie ile kotingi ya seramiki, dawa ya maji inayokauka na kuwa utando mgumu juu ya rangi, inayosifiwa kwamba huilinda kwa miaka 3. Nikamwambia apake nusu ya kulia ya boneti tu. Alidhani namtania. Nusu ya kushoto nilipaka mwenyewe nta ya kopo, katikati tukatenga kwa tepu ya karatasi. Abiria mmoja wa Kiwira alipoiona aliniuliza kama gari tumegawana na mke wangu.

Kila nikishaosha, namwaga maji safi na kuandika kwenye daftari la hesabu ya siku: yamekusanyika matone, yaani kinga bado ipo, au yametandaa, yaani imekwisha. Nta ilimalizika baada ya kuoshwa mara 9. Hilo halikunisumbua, maana huku kwetu gari huoshwa kwa sabuni ya unga, ile ile ya nguo, na nta haina ubavu nayo.

Oktoba, vumbi la kiangazi limekolea, maji yakaanza kutandaa hata upande wa kotingi. Nikasema basi, nimeliwa. Fundi rangi mmoja wa Mwanjelwa, mzee asiye na maneno mengi, akachanganya siki kidogo na maji, akafuta sehemu ya ukubwa wa kiganja, akasuuza. Matone yakarudi pale pale. "Haijafa, imefunikwa," akasema. Vumbi na chumvichumvi za maji ya kisima vilikuwa vimeganda juu yake. Kumbe yale matone tunayoyaamini sote yanaweza kusingizia kotingi kifo.

Yanaweza pia kuificha ikiwa imekufa kweli. Dhamana ilinitaka nirudi kila miezi 6 kwa "sevisi". Desemba nilipokwenda, niliziba kipande kimoja kwa tepu kabla kijana hajaanza. Sevisi yenyewe ilikuwa kupulizia dawa na kufuta, dakika 10 hivi. Nikabandua tepu, tukaendelea na mvua zetu za Tukuyu. Kufika Aprili, kipande kile hakikusanyi tone, siki au hakuna siki. Kwingine kote matone yanang'aa, lakini hayo ni ya dawa ya kupulizia. Asiyeweka tepu angeapa kwamba kotingi yake bado nzima.

Miezi 10 si haba kwa gari la biashara. Ningeinunua tena, kwa bei ya miezi 10.

Kijana huyo pia alinionyesha kopo lililoandikwa 9H, akaniambia ugumu wake ni 9 kati ya 10, unaikaribia almasi. Kipimo cha 1 hadi 10 ambacho almasi ni 10 ni cha madini, alikitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Hiyo H ni ya penseli, ukoo mmoja na HB anayochonga mwanangu wa darasa la tatu. Maana yake ni kwamba penseli ngumu ya 9H haikuikwaruza kotingi. Mchanga kwenye sponji si penseli.

Ombi langu kwa wauzaji: andikeni imeoshwa mara ngapi, kwa sabuni gani, na ilikuwa wapi. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na kila unapopanda mita 1,000 mionzi ya jua inayokula rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Karatasi yangu ya dhamana haisemi "miaka 3" ilipatikana chini ya jua lipi. Kule Florida, Marekani, vibati vilivyopakwa rangi za magari huachwa nje kwenye fremu miezi na miaka, ndipo watu waseme namba. TBS, shirika letu la viwango, wakiweka fremu moja kama hiyo hapa Mbeya, imeelekezwa kaskazini linakokaa jua letu la kiangazi, gharama yake ni mbao, misumari na uvumilivu.

Anayebisha aje Uyole kabla ya saa 12 asubuhi, sijapakia. Tepu nimeiacha ili mpaka uonekane, na chupa ya maji iko chini ya kiti.

Mwenye Noah nyeusi,
Uyole, Mbeya