YAH: SANTURI YA KIND OF BLUE NA KUDHALILISHWA DUKANI KWENU

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa mimi sikuipata kwenu Jumamosi.

Kabla ya kutoa shilingi 120,000 niliuliza mara mbili kama santuri hii ya Kind of Blue, albamu ya jazi ya Miles Davis, ni ya toleo lililosahihishwa. Nikajibiwa ndiyo. Si kweli. Upande wa kwanza sauti imepanda, yaani noti ziko juu kuliko zinavyotakiwa. Nimesukuma mdomo wa saksafoni yangu ya alto ndani ili noti zangu zipande, mpaka hausogei tena, na bado Cannonball Adderley, mpiga alto wa santuri hiyo, yuko juu yangu. Nikirudisha mdomo mahali pake na kugeuza upande wa pili, tunapatana vizuri. Kama gramafoni yangu ndiyo mbovu, mbona upande wa pili uko sawa?

Kijana wenu wa kaunta hakutaka hata kuicheza. Aliisukuma kwa kidole kimoja, akaniambia mbele ya wateja na mwanafunzi wangu: "Mzee, santuri ni nzima, masikio yako ndiyo yamechoka." Watu wakacheka.

Masikio yangu hayajachoka. Nyimbo 3 za upande ule zilirekodiwa New York tarehe 2 Machi 1959, mashine kuu ya mkanda ikizunguka polepole kuliko inavyotakiwa, ndiyo maana kwa mwendo wa kawaida sauti inapanda. Za upande wa pili ni za tarehe 22 Aprili, hazina kasoro hiyo. Mwaka 1992 kosa lilirekebishwa kwa mkanda wa akiba. Mlichoniuzia kimetoka kwenye mkanda wa zamani, kibandiko chenu kiseme kitakavyosema. Na haya nilitaka kuyaeleza tangu Jumatano kwa simu. Nilipiga mara tatu, ya tatu mkanikatia.

Narudia, msije mkapita haraka: kidole kimoja, kama anayesogeza uchafu. "Masikio yako ndiyo yamechoka." Mtoto ninayemfundisha kusikiliza kwa mwaka wa nne sasa akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Njia nzima hakunisemesha.

Nilikuja kudai fedha zangu tu. Sasa nataka fedha zangu, santuri iliyo sahihi, na kijana huyo aniombe radhi kwenye kaunta ileile, mwanafunzi wangu akiwepo. Nawapa siku 7. Zikipita, naenda Tume ya Ushindani na santuri yenu mkononi, na saksafoni nitaibeba, wasikie wenyewe.

Nakala ya risiti nimeambatanisha.

Mteja wenu,
Mwalimu wa saksafoni, Dar es Salaam