Tiketi za ndege ziandikwe saa tunazozisoma sisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo linalowaumiza wasafiri wengi wa hapa Mwanza, hasa wafanyabiashara wanaofuata bidhaa Guangzhou, nchini China, nalo ni namna mawakala wa tiketi wanavyotaja umbali na muda wa safari.

Mwaka jana mjomba wangu, muuza vitenge, aliambiwa na wakala mmoja kwamba "China ni saa kumi tu". Kwa hesabu ya angani wakala hakudanganya, kwa kuwa Dar es Salaam hadi Guangzhou ni takriban kilomita 8,700, na ndege kubwa ya abiria hukata karibu kilomita 900 kwa saa. Lakini mjomba haishi Dar es Salaam. Kwanza alipaswa kuruka kilomita 850 kutoka Mwanza, mwendo wa saa moja na nusu hivi, kisha alale huko akisubiri ndege kubwa. Tiketi iliandikwa 04:10. Yeye, aliyezoea kuhesabu saa tangu kunapokucha, alisoma saa nne na dakika kumi, akafika uwanjani saa mbili asubuhi, koti limepigwa pasi, karatasi ameikunja ndani ya pasipoti. Ndege ilikuwa imeondoka tangu saa kumi alfajiri. Sehemu kubwa ya mtaji wake iliishia kwenye tiketi ya pili.

Nilipoisoma karatasi ile niliona mtego mwingine. Kwenda: kuondoka 04:10, kufika 19:10, yaani ukitoa moja kwa moja unapata saa 15. Kurudi: kuondoka 01:00, kufika 07:00, saa sita tu. Ukweli ni kwamba kila saa imeandikwa kwa majira ya mji husika, na Guangzhou imetutangulia kwa saa tano. Kwa hiyo kwenda ni saa kumi na kurudi ni saa 11.

Wala kilomita zenyewe hazitoshi kumwambia mtu muda wa safari. Kati ya London na New York ni kama kilomita 5,500 kwa upande wowote, lakini kwenda New York huchukua takriban saa nane na kurudi hupungua kwa karibu saa nzima, kwa sababu pepo kali za juu huvuma kuelekea mashariki na kuisukuma ndege. Helsinki na Tokyo nazo hazijasogea, ila tangu Urusi ilipofunga anga yake kwa mashirika ya Ulaya mwaka 2022, safari ya saa tisa hivi imekuwa ya takriban saa 13, maana ndege hulazimika kuzunguka.

Safari hii tiketi ya mjomba nimeiandikia mwenyewe pembeni, kwa kalamu nyekundu: "saa kumi na dakika kumi alfajiri". Kazi hiyo ni ya wakala aliyelipwa. Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga iweke sharti kwa kila wakala kumwandikia abiria saa ya Kiswahili, ikitajwa kama ni alfajiri, asubuhi au usiku, pamoja na jumla ya saa tangu anapotoka Mwanza hadi anapofika, muda wa kusubiri ndege nyingine ukiwamo. Nalo gazeti lako, linapopokea matangazo ya safari za nje, liwadai wenye matangazo hesabu hiyohiyo kabla ya kuyachapisha.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza