Tulilipia treni ya mchana ya Chiang Mai, hatukuipanda

Dar es Salaam,
10 Julai 2025

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA BANGKOK HADI CHIANG MAI, ALHAMISI 19 JUNI 2025

Nakuandikia baada ya kupigwa danadana za kutosha kwenye simu. Tarehe 30 Juni msaidizi wako aliniambia, kwa sauti ya mtu anayefunga mjadala, kwamba familia yangu haina cha kudai kwa sababu "mlifika Chiang Mai mapema kuliko ratiba." Ni kweli, tulifika mapema. Ratiba yenu ilisema saa moja na nusu usiku, na saa tisa alasiri sisi tulikuwa tumeshakabidhiwa funguo za vyumba. Lakini hatukuja ofisini kwenu kununua kufika. Ingekuwa shida yetu ni kufika tu, ndege za kwenda Chiang Mai zipo tele na wala tusingehitaji wakala wa safari. Tulichonunua ni treni, tena treni moja tuliyoitaja kwa namba, na ndiyo mliyotukosesha.

Naomba nieleze tangu mwanzo, maana nimeambiwa kwenye faili letu kumeandikwa "wateja walichelewa" na basi.

Mama yangu ana miaka 68. Alizaliwa na kukulia kota za reli Tabora, baba yake akiwa fundi wa njia, na mpaka leo anaweza kukutajia stesheni za Reli ya Kati moja baada ya nyingine bila kuruka hata ile ndogo. Tulipomwambia kwamba likizo ya Juni tunampeleka Thailand (mdogo wangu ni mwalimu, hana nafasi wakati mwingine), swali lake lilikuwa kama huko kuna reli. Ipo, na ni ya geji (upana kati ya reli mbili) ya mita moja, ile ile ya reli yetu ya zamani. Halafu mdogo wangu akaanza kumsomea kutoka kwenye simu. Kumbe kama Wajerumani walivyojenga ya kwetu mpaka ikafika Kigoma mwaka 1914, hii ya kaskazini ya Thailand nayo ilikuwa na mhandisi wa Kijerumani, Emil Eisenhofer, aliyesimamia kutobolewa kwa handaki la Khun Tan, mita 1,352 ndani ya mlima. Kazi ilianza 1907 ikamalizika 1918, na kabla haijaisha Siam, kama Thailand ilivyoitwa zamani, ikaingia vitani dhidi ya Ujerumani, Wajerumani waliokuwa nchini wakakamatwa. Kumbukumbu ya Eisenhofer ipo pale pale Khun Tan, karibu na mdomo wa handaki. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mimi nitapita humo."

Ndiyo maana tulipokuja kwenu na dada wa kaunta akatushauri treni ya usiku, mabehewa mapya, vitanda, mnaamka mmekaribia kufika, tulikataa. Usiku utaona nini? Tukaomba treni namba 7, inayoondoka Bangkok saa tatu na dakika tano asubuhi na kupanda milima ya kaskazini wakati jua bado lipo. Dada yule aliandika neno "dirishani" kwenye fomu yetu na kulipigia mstari. Nakala ninayo.

Sasa vocha mliyotupa. Imeandikwa: stesheni ya Hua Lamphong, muwe mmefika saa mbili asubuhi, tiketi mtakabidhiwa na wakala wetu chini ya saa kubwa.

Ndugu Meneja, treni za masafa marefu za kaskazini haziondokei Hua Lamphong tangu tarehe 19 Januari 2023. Siku hiyo zilihamishiwa Krung Thep Aphiwat, stesheni mpya iliyopo Bang Sue, upande wa kaskazini wa jiji. Yaani mmetuuzia mwaka 2025 stesheni ambayo safari hiyo iliihama zaidi ya miaka miwili kabla. Na ubaya wake ni kwamba Hua Lamphong haijafungwa. Jengo la 1916 lipo, paa lake la tao lipo, vioo vyake vya rangi vipo, na treni chache za kawaida bado zinaingia na kutoka. Mgeni akishuka pale kwenye teksi hakuna kinachomshtua. Anaona mabehewa, anaona watu na mabegi yao, anatafuta saa kubwa na anaikuta.

Tulifika saa mbili kasoro dakika kumi kutoka hoteli yetu ya Pratunam. Wakala hakuwepo. Nikaenda dirisha la maelezo na vocha yangu, na kabla karani hajaishika ikawa saa mbili kamili na wimbo wa taifa ukaanza kwenye vipaza sauti. Ukumbi mzima ukasimama: askari, wauza kahawa, mfagiaji na ufagio wake mkononi, na karani wangu naye. Mama alikuwa ndiyo kwanza amekaa kupumzisha goti, akasimama pia. Wimbo ulipokwisha karani akaisoma vocha, akatikisa kichwa, akaigeuza na kuandika nyuma kwa wino wa buluu: Bang Sue. Akaonyesha chini, kwenye treni ya chini ya ardhi, na kwa vidole akatuhesabia dakika thelathini.

Hapa ndipo naomba msome polepole. Wakati huo bado tulikuwa na muda. Kutoka Hua Lamphong mpaka Bang Sue ni njia moja ya treni ya chini, hubadilishi. Tungeondoka pale pale, treni namba 7 tungeiwahi. Kilichotuzuia ni utaratibu wenu, kwa sababu tiketi zilikuwa mkononi mwa wakala na wakala hatumjui sura. Nikapiga namba yenu ya dharura, ile iliyoandikwa "saa 24". Dar ilikuwa saa kumi alfajiri na simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Saa mbili na dakika nane nikamwandikia wakala kwenye WhatsApp kwamba tupo chini ya saa kubwa lakini tunaambiwa treni iko Bang Sue, je, ni kweli? Akajibu: msijali, nipo na tiketi, simameni chini ya saa kubwa nawafuata.

Tukasimama. Nimekuja kujua baadaye kwamba Krung Thep Aphiwat nayo ina saa kubwa, na ndiyo aliyokuwa anaizunguka akitutafuta. Saa mbili na dakika ishirini akaandika kwamba yeye hatuoni. Nikampiga picha mama chini ya saa, kikapu chake cha chakula mkononi, nikamtumia. Alama mbili za buluu zinaonyesha aliifungua. Alikaa na picha hiyo kimya, na saa mbili na dakika arobaini na mbili ndipo akaandika: hiyo siyo stesheni.

Sitawachosha na mwendo wa kutoka pale, mabegi matatu, ngazi, na mtu mzima mwenye goti bovu. Tulitokeza ukumbi wa Krung Thep Aphiwat saa tatu na dakika kumi na tisa. Treni za Thailand zinasifika kwa kuchelewa, lakini siku hiyo namba 7 ilikuwa imeondoka kwa wakati wake. Wakala wenu naye alikuwa ameondoka. Tiketi tatu zenye majina yetu hatukuwahi kuziona mpaka leo.

Pale dirishani tuliambiwa vitanda vya treni ya usiku vimejaa, jambo ambalo hata hivyo lisingetusaidia. Basi la kutoka kituo cha mabasi cha Mo Chit ni mwendo wa kama saa kumi, kwa goti lile hapana. Hoteli ya Chiang Mai ilikuwa imeshalipiwa usiku huo. Tukapanda treni ya mjini mpaka uwanja wa Don Mueang na kununua ndege kaunta, kwa bei ya mtu asiye na la kufanya: baht 2,450 kila mmoja, na baht 900 za mizigo. Nje ya dirisha kulikuwa na mawingu ya mvua zao kuanzia kupaa hadi kutua. Njiani mama aliuliza kama Khun Tan tumeshaipita. Mdogo wangu akamjibu tumepita juu yake.

Kuna mengine mawili, nayapitia haraka. La kwanza, nikiwa Don Mueang niliandikia ofisi yenu, saa nne kasoro asubuhi za Thailand, kwamba dereva wa kutupokea stesheni ya Chiang Mai aambiwe asije. Ujumbe ulisomwa ofisini mlipofungua. Mjini tulijipeleka wenyewe kwa yale magari mekundu ya mabenchi, ambayo mama aliyaita chai maharage, kama magari ya abiria ya zamani ya Dar, mara tu alipoyaona. Pamoja na hayo, wiki iliyopita mmeniletea ankara ya dola 25 kwa sababu dereva alisubiri stesheni mpaka saa mbili usiku. Mnataka tulipie kusubiriwa kwenye treni ambayo nyinyi ndio mliotukosesha!

La pili, ratiba yenu iliahidi "chakula halali ndani ya treni". Nimeuliza, na nimeambiwa abiria wa treni ile hupewa chakula cha aina moja kwa wote na hakuna mtu aliyeagiza chochote kwa ajili yetu. Hili silidai fedha. Mama alikuwa amefunga chapati na mayai, kwa hiyo angesafiri salama, na jioni ile tulikula khao soi (tambi za mchuzi) ya kuku mtaa wa msikiti wa Ban Ho, ambao tuliutafuta wenyewe. Lakini msiandike halali kwenye karatasi kama pambo. Kuna mteja atakayewaamini na asibebe chapati.

Nirudi kwenye jibu lenu. Msaidizi wako alinisomea kipengele cha masharti kinachosema kampuni haiwajibiki kwa "mabadiliko ya ratiba yanayofanywa na mtoa huduma". Mabadiliko yapi? Shirika la reli halikubadilisha kitu siku ile. Treni iliondoka kwenye stesheni yake, kwa saa yake, ikiwa na viti vyetu vitatu vitupu. Wakala wenu wa Bangkok alijua stesheni sahihi na alikuwepo. Aliyekuwa hajui ni aliyechapa vocha hapa Dar es Salaam, na nina wasiwasi kwamba bado hajui, kwa sababu tangazo lenu la safari za Desemba nililoliona juzi bado lina Hua Lamphong kwenye siku ya nne. Kuna familia nyingine sasa hivi inalipa kwa awamu ili ikasimame chini ya saa ile ile.

Mlitaka pia kutupoza kwa punguzo la asilimia 10 kwenye safari ijayo. Nilimfikishia mama. Amesema safari yake ijayo ni Tabora na haihitaji wakala.

Tunachodai ni hiki. Mturudishie nauli kamili ya treni kwa watu watatu pamoja na ada yenu ya huduma kwa kipande hicho cha safari. Mturudishie baht 8,250 za ndege na mizigo, kwa shilingi, kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya malipo. Nauli za treni za mjini sizidai, ni ndogo na zilitufikisha. Mfute ankara ya dereva kwa maandishi, isije ikaibuka siku nyingine kama deni. Mrekebishe vocha na matangazo yote yanayoitaja Hua Lamphong kwa treni za kaskazini, na muwapigie simu wateja ambao tayari wameshapewa karatasi hizo, kwa sababu kurekebisha tangazo hakutamsaidia mwenye vocha mkobani. Na mumwandikie mama barua, kwa jina lake, mkieleza kilichotokea. Isiwe ujumbe wa simu wala isipitie kwangu. Yeye ndiye aliyekaa mbele ya kaunta yenu akaeleza anataka kuona nini, na faili lenu linasema alichelewa. Maneno hayo yaondolewe.

Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC) pamoja na vielelezo vyote, na sitapiga simu tena kukumbusha.

Nimeambatisha vocha pande zote mbili, ikiwemo mwandiko wa karani, mazungumzo ya WhatsApp na wakala yakionyesha saa za kila ujumbe, orodha ya simu nilizopiga namba ya dharura, risiti za ndege, ankara yenu ya dereva na nakala ya tangazo la Desemba. Akaunti ya benki ya kurejeshea fedha ni ile ile niliyolipia.

Mteja wenu,
(sahihi)
Kwa niaba ya familia. Majina na namba ya safari ni kama yalivyo kwenye vocha.