Ukuta wa chokaa usizibwe kwa saruji

Mhariri,

Masika yakikatika, wenye nyumba wa mwambao huanza kuulizana rangi gani inazuia unyevu. Ukuta umebambuka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, rangi imefanya malengelenge, na ukiigusa inadondoka pamoja na unga mweupe. Tiba inayopendekezwa karibu kila mara ni moja: bandua, piga lipu ya saruji, paka rangi ya mafuta. Kwa nyumba zetu za mawe na chokaa, tiba hiyo ndiyo inayozidisha maradhi.

Unga ule wengi huuita fangasi, kumbe ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe ya matumbawe kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi, nayo hubeba chumvi. Yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi ikabaki. Punje zake hukua ndani ya vitundu vya lipu, zikaisukuma hadi ipasuke. Lipu ya chokaa ina vitundu vingi, kwa hiyo maji hutoka mapema, karibu na sakafu. Ukiziba kwa saruji, maji hayaendi kokote. Yanatafuta mlango juu zaidi. Ndiyo maana alama iliyokuwa gotini huhamia kiunoni baada ya matengenezo. Kwa nje, saruji hupata nyufa nyembamba, mvua ikaingia na kufungiwa humo humo, na ncha za boriti za mikoko zilizozamishwa ukutani zikaoza bila mtu kujua mpaka dari lianze kulegea.

Kwanza hakikisha maji yanatoka wapi. Kata nailoni ya sentimita 30 kwa 30, ibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, iache siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni hewa nzito ya ndani: sogeza kabati, fungua madirisha. Yakiwa upande wa ukutani, maji yamo ukutani.

Kisha toka nje, kwa sababu kazi nusu iko huko. Udongo na zege la uchochoroni huongezwa mwaka hadi mwaka mpaka hupita usawa wa sakafu ya ndani. Shusha hadi angalau sentimita 15 chini ya sakafu. Tazama mifereji ya bati, karo la jirani, na kale kampira ka kiyoyozi kanakodondosha maji kutwa kucha penye msingi. Nyumba nyingine hupona hapo tu.

Lipu ya saruji ibanduliwe hadi nusu mita juu ya alama ya maji, kwa tindo na nyundo nyepesi, maana jiwe la matumbawe ni laini na huvunjika pamoja na lipu. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, ikusanywe kwenye turubai na kutupwa mbali. Usiioshe: maji huiyeyusha na kuirudisha ndani. Baada ya hapo ukuta uachwe wazi, na hapa ndipo wenye nyumba wanaposhindwa, kwa kuwa unataka wiki nyingi, pengine miezi. Msimu mzuri wa kubandua ni kaskazi, Desemba hadi mwanzoni mwa Machi. Kupiga lipu kungoje kusi, kuanzia Juni, jua likiwa limepoa. Chokaa haigandi kwa kukauka. Hukomaa polepole kwa kuvuta kabonidayoksaidi hewani, na bila unyevu kidogo haiwezi. Ikikaushwa na jua siku moja inabaki unga.

Chokaa ya mfuko uliokaa wazi dukani huwa imeshakomaa kabla ya kutumika, haishiki tena. Weka kijiko kimoja kwenye kikombe, kamulia ndimu: ikitoa povu jingi, iache. Iliyo nzima iloweke angalau usiku mmoja, na ikikaa wiki kadhaa chini ya maji inazidi kuwa laini. Changanya ndoo moja ya chokaa iliyolowekwa na ndoo tatu za mchanga mkali uliooshwa. Mchanga wa pwani una chumvi ile ile unayoifukuza. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi sentimita moja, ngoja kama wiki moja, ndipo uongeze jingine. Nyufa zikijitokeza siku ya kwanza, sugua tena kwa ubao lipu ingali mbichi, na tundika magunia yaliyoloweshwa mbele yake.

Chokaa ya kupaka iwe nyepesi kama maziwa, ichujwe kwa kitambaa, ipakwe mara tatu hadi tano, siku moja kati ya mkono na mkono. Mkono wa kwanza huonekana kama haukupakwa kitu, unakuwa mweupe ukikauka. Wasiovumilia huipaka nzito, nayo ndiyo inayochafua mabega ya wageni. Buluu ya kufulia kidogo haina neno, ila desturi ya kutia chumvi ndooni ili rangi ishike haifai kwa ukuta huu.

Chokaa huunguza macho, kwa hiyo miwani ya kazi ni lazima. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha nenda hospitali. Chokaa hai ya tanuu, yaani iliyochomwa na bado haijatiwa maji, hutiwa kwenye maji kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya rundo lake, huchemka na kuruka.

Nyumba za tofali za saruji ni habari nyingine. Huko lipu ya saruji moja, chokaa moja, mchanga sita inatosha, ingawa bila nailoni ya kuzuia maji juu ya msingi chumvi itapanda tu.

Mafundi wengi wanaijua kazi hii, lakini makisio huandikwa kwa mifuko ya saruji kwa sababu lipu yake huisha siku mbili na fundi akalipwa. Wenye nyumba, hasa wa Mji Mkongwe na Lamu, wadai uwiano wa lipu uandikwe kwenye makisio kabla ya kutoa malipo ya kwanza.

Fundi mwashi,
Unguja