Diwani ameomba radhi

Temeke, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na Mama umfikishie zake. Huku hatujambo, ila joto tu.

Nimecheka pale uliposema diwani wenu alilia jukwaani mpaka mtendaji wa kata akamsogezea leso. Halafu kicheko kikaisha. Mtu aliapa mbele ya kadamnasi kwamba pampu ya kisima imeshalipiwa, iko njiani inakuja, na huku anajua fedha hazipo. Mkaendelea kununua maji kwa madumu. Leo anasema "kuteleza si kuanguka", wazee wanapiga makofi, nawe unaniuliza kama una roho mbaya kwa kuwa hukupiga. Huna, shoga. Anayeteleza huteleza mara moja. Huyu aliyarudia maneno yale yale kila mkutano.

Kaka yako, umeniandikia, anamtolea mfano yule waziri wa Kiingereza aliyedanganya akasamehewa. Sawa, tumwangalie huyo huyo. John Profumo alikuwa waziri wa vita katika serikali ya Harold Macmillan. Mwaka 1961 alijuana kimapenzi na msichana aitwaye Christine Keeler, ambaye naye alikuwa karibu na Yevgeny Ivanov, ofisa wa ubalozi wa Urusi, na zama zile Mrusi ndiye adui. Maneno yakazagaa. Tarehe 22 Machi 1963 Profumo akasimama bungeni, akasema hapakuwa na lolote lisilofaa kati yake na binti yule, na atakayethubutu kuyasema hayo nje ya Bunge atamshtaki. Mwezi Juni akakiri kwamba alilidanganya Bunge, akajiuzulu.

Hapa ndipo kaka yako anapopaparukia "akasamehewa" na kuyaruka yaliyo katikati. Profumo hakugombea tena. Alikwenda Toynbee Hall, kituo cha kuwasaidia maskini mashariki mwa London, akaanza na kazi za chini kabisa, kuosha vyombo na kusafisha vyoo, bila mshahara. Akabaki hapo miaka na miaka, hata uzeeni, na hakutoka hadharani kujitetea. Nishani ya Malkia aliipata mwaka 1975. Alipofariki mwaka 2006 watu walimsema kwa heshima, na mimi simnyimi heshima hiyo.

Ila kisa hicho kina watu wengine, na hao hawatajwi kwenye mifano. Stephen Ward, tabibu wa mifupa aliyewakutanisha Profumo na Christine, ndiye aliyewaandikia wakubwa kwamba waziri hakusema kweli. Polisi walikuwa wameshaanza kumchimba, kisha akashtakiwa kwamba anaishi kwa fedha za ukahaba, akanywa vidonge kabla kesi haijakwisha. Baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani akiwa hajitambui, na tarehe 3 Agosti 1963 akafa. Christine naye, mwezi Desemba mwaka huo huo, alifungwa miezi tisa. Kosa? Kusema uongo mahakamani, katika kesi nyingine. Waziri aliyewadanganya wabunge hakulala rumande hata usiku mmoja. Mwulize kaka yako, na hao nani aliwaomba radhi?

Najua atakuja na Mzee Mwinyi: mbona alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977, na mwaka 1985 akawa Rais? Mwambie asichanganye. Watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga, na Mzee hakuwatia mkono wala hakuwaficha. Alibeba dhamana ya wizara yake akaachia kiti. Diwani wenu hajaachia kitu.

Na dini yetu ilikwisha tupa kipimo, tangu tuko chuoni tunachapwa kwa kukosea herufi. Dhambi ya mtu na Mola wake, hayo ni yao wawili. Ikiwa kuna haki ya mja ndani yake, toba haitimii mpaka haki irudi kwa mwenyewe, au mwenyewe aseme nimekuachia. Wazee waliopiga makofi wameachia yao. Ya yule bibi jirani yenu aliyeuza kuku wake ili atoe mchango wa kisima, wao wana idhini gani ya kuiachia?

Mimi ningemsamehe, Mwanaidi, sitaki kuongeza chuki kifuani. Lakini unaniambia anataka kuchukua fomu tena, na kilio kimekuja wiki chache kabla ya fomu kutoka. Msamaha na kura mbona vimefungwa kamba moja? Kwenye mkutano wa kijiji, wakati wa mapato na matumizi, aje na daftari la michango, asome jina kwa jina, na aseme kila shilingi ilikwenda wapi. Makofi baadaye.

Na yule kijana wa bodaboda aliyeuliza risiti ya pampu iko wapi, akaitwa mchochezi, akalala mahabusu: diwani amekwenda kwao? Nijibu hilo kwanza, mengine tutaongea nikija Idi.

Wako,
Rukia