Mnapoipiga Mannenberg, watajeni wote

Ndugu Mhariri,

Jumapili usiku redio moja ya hapa nchini ilipiga wimbo wa Mannenberg bila kuukata, dakika 13 na ushee. Niliacha chakula mezani nikasogeza kiti karibu na redio. Ulipokwisha, mtangazaji akasema tumemsikia Dollar Brand, ambaye baadaye alijiita Abdullah Ibrahim, mpiga piano wa Cape Town. Kisha yakaja matangazo ya biashara. Wenzake waliopiga naye hakuwataja hata mmoja, na jambo hilo limeniuma.

Nimekulia Morogoro, si mbali na Mazimbu, kwenye shamba la zamani la mkonge ambako ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilijenga shule yake ya Solomon Mahlangu. Katikati ya miaka ya 80 kijana mmoja wa huko alimwazima baba yangu kanda ya muziki huu. Juu yake paliandikwa kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: DOLLAR BRAND. Baba alikuwa mpiga gita la rithimu. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha nyuma, akauliza, "Na huyu anayepuliza saksafoni ni nani?" Yule kijana alifurahi kuulizwa. Akasema kwao wanamwita Basil Mannenberg.

Ni Basil Coetzee. Alipuliza saksafoni ya tenor siku ya kurekodi hadi wimbo ukawa jina lake. Pamoja naye walikuwepo Robbie Jansen na Morris Goldberg kwenye saksafoni, Paul Michaels kwenye besi na Monty Weber kwenye ngoma. Goldberg alikuwa mzungu, katika nchi ambayo sheria zake hazikutaka aonekane jukwaani na hao wengine. Piano yenyewe ilikuwa na pini kwenye nyundo zake, ndiyo maana inalia kama bati, kama piano za vilabu vya pombe vya zamani. Hiyo ilikuwa Juni 1974. Miaka minane kabla, serikali ya makaburu ilitangaza kwamba District Six, mtaa wa Cape Town, ni eneo la wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakaondolewa. Manenberg, kitongoji kilichoupa wimbo jina, ni sehemu mojawapo walikopelekwa.

Mwaka 1976, baada ya maandamano ya wanafunzi wa Soweto, Abdullah Ibrahim aliandaa onyesho la kuichangia ANC iliyokuwa imepigwa marufuku, kisha akaondoka na familia yake kwenda New York. Simpunguzii chochote. Lakini wimbo ulibaki nyumbani, na walioubeba ni Coetzee na Jansen. UDF, muungano wa vikundi vilivyopinga ubaguzi wa rangi, ilipoanzishwa mwaka 1983 na mikutano ikapamba moto, ni wao waliopanda majukwaani kuupiga mbele ya watu waliojua kwamba polisi wako nje. Wimbo hauna beti za kuimbwa, na bado umati uliufanya wimbo wake wa ukombozi. Kazi hiyo ilifanywa na wapuliza saksafoni ambao redio zetu haziwataji.

Hata Jazz Epistles, bendi ya awali ya Abdullah Ibrahim, tunaisimulia hivyo hivyo. Hugh Masekela tunamjua. Je, Kippie Moeketsi, mpuliza saksafoni? Alibaki Afrika Kusini akafa mwaka 1983, hakuuona uhuru. Jonas Gwangwa, mpuliza tromboni, ndiye aliyeongoza Amandla, kundi la sanaa la ANC lililozunguka nchi nyingi miaka ya 80 likiisemea Afrika Kusini kwa nyimbo na ngoma. Jazz Epistles walirekodi santuri moja tu pamoja, mwaka 1960, mwaka ambao polisi waliua watu 69 Sharpeville. Baada ya hapo wakatawanyika.

Sisi wa mji wa bendi za Morogoro Jazz na Cuban Marimba tulilelewa vingine. Kwenye dansi letu mwimbaji humwita mpiga solo kwa jina kabla hajaanza kucharaza, na wacheza dansi wakajua ni nani wa kumtuza. Baba hakukubali kusikiliza ala bila kujua mkono ulioipiga.

Ombi langu kwa watangazaji ni dogo. Kabla ya kuweka Mannenberg, someni: Abdullah Ibrahim, Basil Coetzee, Robbie Jansen, Morris Goldberg, Paul Michaels, Monty Weber. Nimejipima kwa saa ya mkononi, nikisoma taratibu: sekunde tisa.

Msomaji wako,
Kihonda, Morogoro