Daftari la dakika

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, na nimefurahi mno kusikia kwamba wazee wa kanisa wamekukabidhi timu ya watoto wa chini ya miaka 13. Umeniuliza neno la Mungu likae wapi kwenye mazoezi, mwanzoni au mwishoni. Nitakujibu, ila kwanza kanunue daftari.

Daftari la kawaida tu, kalamu na saa ya mkononi. Kila mechi andika majina yote upande wa kushoto, na mbele ya kila jina dakika alizocheza. Hesabu yake nyepesi. Mkicheza tisa kwa tisa, vipindi viwili vya dakika 25, timu ina dakika 450 za kugawana. Ukiwa na watoto 15, kila mmoja ana haki ya dakika 30. Kipa ukimwacha golini mechi nzima, wale 14 wanagawana 400, yaani 28 na ushee kila mmoja. Baada ya mechi nne kaa chini ujumlishe. Ukikuta mmoja ana dakika 180 na mwingine ana 15, ujue watoto wameshahubiriwa, na mahubiri yenyewe yamesema Mungu humpenda mwenye kipaji. Huyo wa dakika 15 utamweleza nini kuhusu mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja? Atakusikiliza kwa heshima, lakini hatakuamini, na kosa si lake.

Timu nyingi za makanisa huharibikia hapa. Zinaanza vizuri, kisha linatangazwa bonanza lenye zawadi ya mbuzi, na kocha anawaita mamluki wawili wa miaka 16 kutoka mtaa wa pili, wanaandikishwa kama wana 12. Mbuzi analiwa siku moja. Watoto waliobaki benchi wameona mtu wa kanisa akidanganya kwa maandishi, na hilo hawalisahau. Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mtu akishindana hapewi taji asiposhindana kwa halali. Afadhali mfungwe sita bila, orodha yenu ikiwa safi.

Sasa neno. Usiliweke mwishoni, mwishoni jua linazama, mtoto anawaza kuchota maji nyumbani, na wewe mwenyewe umechoka. Liweke katikati, wakati wa kunywa maji. Ukianza saa kumi na nusu una dakika 90: 10 za kupasha misuli moto, 25 za ufundi, 10 za maji na neno, 35 za mchezo, 10 za kunyoosha viungo na kuombeana. Zile 10 za maji na neno zisizidi, maana wakianza kung'oa nyasi ujue umewapoteza. Wakae migongo yao ikielekea jua, wewe ndiye likupige usoni. Wengi hupanga kinyume, kisha wanawalaumu watoto kwamba hawatulii.

Somo lizaliwe na zoezi walilotoka kufanya. Kama mlicheza pasi fupi, wanne nje na mmoja kati, soma Marko 10:45, Mwana wa Adamu aliyekuja kutumika, kisha uliza: nani leo alikuwa na nafasi ya kupiga golini akampasia mwenzake? Kama wamegombana, liache ulilolipanga, mfungue Mathayo 18, inayosema juu ya kupatana na kusameheana. Maswali yawe matatu tu: kifungu kinasema nini kuhusu Mungu, kinasema nini kuhusu sisi, na kabla ya Jumamosi utafanya nini. La tatu ndilo lenye uzito. Zoezi linalofuata lianze kwa kuwauliza walichofanya, la sivyo watajifunza kujibu vizuri na kuishia hapo.

Mpira kwa umri huo ni namba 4. Namba 5 ni mzito kwa mguu mdogo, na mtoto huzoea kupiga kwa ncha ya vidole. Ukipata mpira mmoja kwa watoto wawili, umebarikiwa. Ukiwa na mitatu, gawa vituo vitatu, wasisimame foleni. Koni usinunue. Chupa za maji za lita moja na nusu, mchanga nusu, zinatosha.

Watoto wa Kiislamu watakuja, maana mtaa ni wa wote. Nenda kwa mzazi mwenyewe kabla ya zoezi la kwanza, umwambie wazi kwamba timu ni ya kanisa, kuna dakika 10 za Biblia, na mtoto anaweza kukaa pembeni wakati huo bila kupunguziwa muda wa kucheza. Usimvizie. Wala usitoe jezi au viatu kwa sharti la kuonekana ibadani. Ukifanya hivyo umenunua mahudhurio, na imani hukuipata.

Mambo ya usalama si ya hiari. Watu wazima wawili kila zoezi, usimpeleke mtoto mmoja nyumbani peke yako, na aliyegongwa kichwa harudi uwanjani siku hiyo hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa au akilegea, ni hospitali moja kwa moja.

Kuhusu mechi za Jumapili asubuhi, watu humtaja Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Kinachosahaulika ni kwamba aliijua ratiba miezi kadhaa kabla, akasema mapema, akajifua kwa mita 400, na huko akatwaa dhahabu kwa sekunde 47.6. Nawe ichukue ratiba siku inapotoka, uwafuate waandaaji, uombe Jumamosi au Jumapili alasiri. Kususa asubuhi ya mechi ni kuwaumiza wapinzani waliokwisha kulipa nauli. Na Liddell huyohuyo, alipozuiliwa na Wajapani kambini kule China, alikubali kuchezesha mechi za vijana Jumapili, kwa kuwa walikuwa wakigombana bila mwamuzi.

Jambo la mwisho ndilo ninalokusihi zaidi. Watoto 15 huwezi kuwafuata wote kwa karibu. Tafuta vijana watatu wa miaka 17 au 18, wapole kuliko wenye kipaji, mkutane siku isiyo ya mazoezi, msome 2 Timotheo 2:2, kuhusu kuwakabidhi watu waaminifu mafundisho ili nao wawafundishe wengine, na kuitenda. Mwezi wa kwanza wanakutazama. Wa pili wanaongoza kupasha misuli, wewe umesimama pembeni. Wa tatu wanashika zile dakika 10, nawe ukae chini na watoto usikilize, usimkatize kijana hata akikosea mstari; mtarekebisha baadaye mkiwa wawili. Na daftari la dakika mkabidhi mmoja wao. Siku atakayokuonyesha kwamba mwanao amecheza kuliko wenzake, mshukuru mbele ya timu nzima, kisha umkalishe mwanao benchi.

Niandikie idadi kamili ya watoto, umri wao, na tarehe ya mechi ya kwanza. Nikishajua, nitakupangia jedwali la kubadilisha wachezaji kila baada ya dakika tano, ulibandike nyuma ya jalada la daftari.

Nduguyo katika Kristo